Kisu Kisichofunga Bila Ruhusa

Mume wangu anaitwa Masalu. Hapa Nyahanga, mjini Kahama, majirani wanamwita Baba Limi, na wachimbaji wanamwita Fundi Moko. Moko ni ile tindo ya kupasulia mwamba. Inatoka shimoni butu kama kisigino, inaletwa kwake ndani ya kiroba pamoja na wenzake, anaitia motoni, anaigonga, anaichovya, inarudi kazini. Kibanda chake ni nguzo na mabati, mkabala na mashine ya kusaga mawe. Mashine ile inanguruma kutwa, na sisi tumezoea kupaza sauti hata tukiwa nyumbani mezani. Wageni wanadhani tunagombana.

Kazi yangu pale kibandani ni kuzungusha gurudumu. Ni gurudumu la baiskeli lenye mkanda, mkanda unazungusha feni, feni inapuliza moto. Nikizungusha, Limi analala mgongoni. Akizungusha mtu mwingine, anaamka na kulia.

Baba Limi si msemaji. Ila kitu kikiharibika anakipenda kuliko kilipokuwa kizima. Kufuli likigoma sithubutu kulitupa, maana ataliulizia. Atalifungua, atapanga vyuma vyake juu ya kanga yangu, atavitazama mpaka chai ipoe. Nilipoolewa nilidhani ni uvivu. Baadaye nikaona kwamba akiinuka pale, kufuli linafunga.

Mtu wa kwanza kumcheka kwa tabia hiyo ni mjomba wake, Charles, ndugu ya mama yake. Mjomba Charles ana duara Mwakitolyo, yaani shimo lake mwenyewe, na vijana wake wa kushuka na kupandisha mawe. Akipita Kahama hukosi kumsikia.

"We Masalu," anasema kabla hajashuka kwenye pikipiki, "unawanolea wenzio moko wanakula dhahabu, wewe unakula moshi."

"Moshi haufukii mtu, mjomba."

Hapo Mjomba Charles anajua kinachosemwa. Adam, mdogo wake Baba Limi, alifukiwa na kifusi katika shimo lingine hukohuko Mwakitolyo. Walimtoa mzima. Lakini yuko Ushirombo kwa mama yake mpaka leo, na hawezi kulala mlango ukifungwa. Mvua ikinyesha inamnyeshea ndani.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu katika maisha yangu ya ndoa, na ni hiyo ya shimo. Kazi za moko zilikuwa zimepungua. Wenye maduara makubwa walianza kununua za dukani, zikiisha wanatupa. Siku nyingine nilizungusha gurudumu kwa ajili ya Limi kulala tu, moto wenyewe haukuwa na chuma. Na kila Mjomba Charles alipopita, Baba Limi alikuwa anamjibu polepole zaidi.

Katika kipindi hicho ndipo alipokuja Mzee Telesphori.

Wafugaji wote wa upande wetu wanamjua. Ni mtu wa Bukombe, Mkatoliki wa siku nyingi, na kazi yake ni kuhasi madume ili wawe maksai wa kulimia. Ndama akihasiwa naye havimbi wala hafi. Anaitwa kijiji hadi kijiji. Alipoanza kuvaa buti za kijani, wachungaji wote wakatafuta buti za kijani. Alipoacha ugoro, wengine walijaribu kuacha. Ila alikuwa na jambo lake: akifika kwenye kazi yenyewe, anawapa watu mgongo. Anainama, anamfunika ndama pamoja na kisu kwa koti lake, anamaliza, ndipo anageuka. Watu walisema ana dawa anayoificha.

Alifika kibandani mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, baba," nikasema, nikampisha kigoda.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Mtoto hajambo? Fundi, nasikia wewe unafungua vitu. Nifungulie hiki shetani." Akatoa kisu cha kukunja, cha dukani, kinang'aa kama kijiko cha harusi. "Nilikuwa katikati ya kazi, kikajifunga chenyewe. Kimenila kidole."

Baba Limi akakipokea, akakifungua, akakifunga, akakifungua.

"Huyo shetani, ulimi wake ndio umeteleza," akasema.

"Kisu kina ulimi?"

Akamwonyesha, na mimi nikachungulia kutoka kwenye gurudumu. Ndani ya mpini kuna vibati viwili, kimoja huku, kimoja kule, na kisu kinalala katikati yao. Kibati kimoja kimechanwa kwa urefu kikawa na kipande kinachocheza, kama ulimi. Kisu kikifunguka mpaka mwisho, ulimi ule unaruka kwa nguvu zake wenyewe na kukaa nyuma ya kisigino cha kisu. Hapo kisu hakirudi. Ukitaka kukifunga, unausukuma ulimi pembeni kwa kidole gumba, njia inakuwa wazi, unakikunja.

"Basi nitengenezee ambacho ulimi wake hauna uongo," Mzee Telesphori akasema. "Mimi natumia mkono mmoja kufungua na mkono huohuo kufunga. Ule mwingine umeshika mali za dume, na dume akishashikwa mali zake hana subira. Kisu cha ala sikitaki, nilishawahi kuruka na ndama kikanichoma paja. Nataka cha mfukoni, na kisifunge bila ruhusa yangu."

"Nitajaribu, baba."

"Usijaribu. Tengeneza. Nitakuwa nacho kwenye mnada wa ng'ombe, mbele ya watu."

Habari hiyo ikamfikia Mjomba Charles haraka kama habari zote. Akaja na kiroba chake cha moko, akakaa juu yake.

"Kisu chenye ulimi. Si kitaanza kusengenya watu?" Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Sikia mwanangu. Nina nafasi moja ya kushuka. Nimekuwekea wewe kwa sababu ya mama yako. Mnada huu unaokuja nitakuwepo. Nikimwona yule mzee anafanya kazi kwa kisu chako, sikusumbui tena, uendelee na moshi wako. Nisipomwona, Jumatatu yake nakuja kukuchukua."

Nilingoja Baba Limi aseme lile lake la moshi. Hakulisema.

"Sawa, mjomba," akajibu.

Gurudumu likasimama mkononi mwangu. Limi akaamka.

Kuanzia hapo nilikitazama kisu kile kikizaliwa kama mtu anavyotazama mvua ya kwanza, huku akihesabu mbegu alizonazo. Sikuuliza mengi. Ila Baba Limi, ambaye haongei, alianza kuongea, nadhani kwa sababu alihitaji kuyasikia mawazo yake kwa sauti.

Kwanza ulimi. Ule wa kisu cha dukani ulikuwa wa bati laini. Aliupinda kwa kucha, ukabaki umepinda. "Huu umechoka," akasema. Akatafuta msumeno wa mbao uliokwisha meno. Chuma cha msumeno ukikipinda kinarudi, ndiyo maana msumeno unaimba. Ila ni kigumu, kila alipotaka kukitoboa kilikula ncha ya keekee. Ikabidi akilegeze motoni, akikate, akitoboe, kisha akirudishie ugumu wake: akakichovya kwenye oili chafu, akakipasha tena taratibu, akaniambia, "Mama Limi, zungusha polepole, kama unamlaza mtoto." Chuma kikapita rangi ya asali, kikapita zambarau, kilipofika buluu ya shingo ya njiwa akakitoa. Akaupinda ulimi, ukarudi na kutoa mlio. Akatabasamu peke yake.

Kwa kisu chenyewe alikuwa na chuma cha namna mbili. Kulikuwa na beringi la lori, ambalo makali yake yanakaa muda mrefu, na kulikuwa na jani la springi.

"Beringi ndilo zuri, si ndiyo?" nikamuuliza.

"Zuri kwa mwenye mashine ya kunolea. Mzee ananoa kwenye jiwe, zizini. Beringi litamshinda, atabaki na kisu kizuri butu." Akachukua springi.

Akakinoa pande zote mbili sawasawa, mteremko wa huku kama wa kule. Mpini alianza na pembe la ng'ombe, lilipendeza sana, nikampa alishike akiwa amepaka mikono mafuta ya kula. Likamponyoka. "Damu ni zaidi ya mafuta," akasema, akaliweka kando, akachonga vibao vya mninga na kuvikwaruza mistari ili vishike kiganjani. Mgongo wa mpini aliuacha wazi, hakuuziba kama cha dukani, ili damu na mavi ya ng'ombe visijikusanye ndani: mwenyewe amwagie maji vitoke upande wa pili. Kwenye ulimi akapachika gololi ndogo kama punje ya mtama, ikitua kwenye kishimo ubavuni mwa kisu, kisu hakifunguki mfukoni hata ukiruka ukuta. Na karibu na shina la kisu akaweka kinundu cha kusukumia kwa gumba.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni pale ulimi unapokutana na kisigino. Kisigino hakitakiwi kuwa wima, kinalazwa kidogo. Kikilala sana, ulimi unateleza na kisu kinakuja vidoleni. Kikisimama sana, ulimi unabana na huwezi kufunga tena. Alikipaka masizi ya kibatari, akafungua, akafunga, akatazama masizi yamefutika wapi, akapitisha tupa mara moja, akapaka tena. Nilimwona akifanya hivyo mpaka uso wake ukawa na masizi kuliko kisu.

"Mbona unauacha ulimi ushike ukingoni tu?" nikauliza. "Si uingie wote?"

"Ukiingia wote leo, kesho utaenda wapi? Chuma kinakulika. Kikikulika, ulimi usogee mbele kidogo, ushike tena. Namwachia Mzee nafasi ya kuzeeka nacho."

Maneno hayo yaliniingia. Huyu ndiye mtu waliyetaka kumshusha shimoni.

Mzee Telesphori akaja kibandani kukijaribu. Nilikuwa nimepika ugali na mlenda, tukamkaribisha. Akanawa, akala kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote aliyelelewa, akashukuru. Limi alikuwa na mwiba mguuni uliokuwa umenishinda tangu asubuhi. Mzee akamweka mapajani, akautoa bila mtoto kulia, akamrudisha kwangu. Kisha Baba Limi akafuta mikono, akamkabidhi kisu kwa mkono wa kulia, na Mzee akakipokea kwa mkono wa kulia.

Akakifungua. Ulimi ukagonga, ta. Akaufurahia mlio ule, akakifunga na kukifungua tena. Mjomba Charles alikuwepo pia, amekaa kwenye kiroba chake.

"Kinasema vizuri," Mzee akasema. "Sasa kifanye."

Akaenda kwenye kamba ya katani iliyofungwa nguzoni. Akaishika, akaivuta ikakaza, akakata kwa nguvu. Kisu kikapita nusu ya kamba. Halafu tukasikia ta nyingine, ndogo, na kisu kikajikunja. Mzee alikuwa ameshajifunza mara ya kwanza, vidole vyake viliruka kabla hakijafika. Kisu kikaanguka kwenye mavumbi.

Mashine ya mawe ndiyo iliyokuwa inasema.

"Kumbe ni kilekile," Mzee Telesphori akasema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. Akakiokota, akakipangusa, akakirudisha. "Umejitahidi, mwanangu. Asante ya chakula, mayu."

Alipoondoka, Mjomba Charles akafunga kiroba. Hakucheka. "Jumatatu baada ya mnada," akasema. "Uje na buti, mimi nina kofia."

Baba Limi akakaa chini na kisu. Akakibana kwenye jiriwa, akakipiga kwa rungu la mti mgongoni, hakikujifunga. Akaninginia kwa uzito wake wote, hakikujifunga. Akakata kamba ileile, akakata na ubao, hakikujifunga.

"Kwangu kinakataa," akasema. "Kwake kinakubali. Kinachagua watu?"

Mimi nilikuwa namvisha Limi nepi. Nikamwambia kile nilichokiona, kwa kuwa nilidhani na yeye amekiona.

"Amekata kwa mkono wa kushoto."

"Nani?"

"Mzee. Alipofika kwenye kamba alikihamisha. Hata mwiba wa Limi ameutoa kwa kushoto."

"Mzee Telesphori? Si amekula kwa kulia mbele yetu?"

"Amekula kwa kulia. Amekipokea kisu kwa kulia. Kazi amefanya kwa kushoto."

Kisha akakihamishia kisu mkono wa kushoto, akakifumbata kwa nguvu kama anayekata, na hapo hapo tukaona. Mpini una upande mmoja uliochongwa kidogo ili gumba la kulia liufikie ulimi. Ukishika kwa kushoto, gumba halipo upande ule. Vipo vidole vinne. Ukikaza mkono, ncha za vidole zinaingia palepale penye uwazi na kuusukuma ulimi. Kadiri unavyokata kwa nguvu, ndivyo unavyojifungulia kufuli mwenyewe.

"Gashi," akasema kwa Kisukuma, yaani kumbe. "Ndiyo maana jeraha lilikuwa mkono wa kushoto. Mimi nilidhani ule ndio ulioshika ndama."

Hata mimi nilidhani hivyo, na kila mtu. Sisi tunamjua mtu kwa mkono anaotusalimia. Nani angeuliza zaidi ya hapo?

Na ugumu ukawa hapo. Huwezi kwenda kwa mtu mzima wa heshima zake, anayebeba kapu la sadaka kanisani, ukamwambia: baba, kumbe wewe ni wa mashoto. Na kama tumekosea? Baba Limi akazunguka kibanda. Mwishowe akanyamaza kwa ule unyamavu wake wa kufuli, akachukua udongo wa kufinyangia chungu, akaukanda ukawa laini kama ugali, akauviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Tukapanda bodaboda, yeye, mimi na Limi, tukaenda kwa Mzee.

Tulimkuta uani na mke wake, Mama Evelina, anapepeta mtama.

"Baba," Baba Limi akasema baada ya shikamoo zote, "nakutengenezea mpini upya. Naomba umbo la mkono wako. Shika udongo huu kama unavyoshika kisu, dume akiwa ameshaanguka chini."

Mzee akanyoosha mkono wa kulia, akaupokea udongo. Akaushika. Udongo ulikaa pale mkononi mwake kama mgeni aliyekosa kiti. Akautazama. Akamtazama mke wake, ambaye hakuinua macho kwenye ungo. Akanitazama mimi, nikajifanya namfunga Limi kanga.

"Ukifinya kama wa salamu," Baba Limi akasema taratibu, "nitakutengenezea kisu cha salamu. Mimi nataka mkono wa kazi."

Mzee Telesphori akauhamisha udongo kwenda kushoto, akafinya, na ukapita katikati ya vidole vyake kama unaokimbia.

"Mama yangu aliufunga mkono huu kitambaa mpaka nikajua kula na ule," akasema. "Nikajua kula, nikajua kusalimia, nikajua kupokea komunyo. Lakini ndama hajui adabu, nikimwendea kwa mkono wangu wa kulia anakufa."

"Ndiyo unawapa watu mgongo," Baba Limi akasema.

"Ndiyo nawapa mgongo. Wao wanasema dawa." Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Miaka yote hii wananiomba dawa ya kuhasi."

"Na mimi wananiomba," Mama Evelina akasema kutoka kwenye ungo. "Nawapa mizizi ya bamia."

Tulicheka mpaka Limi naye akacheka bila kujua.

Kazi ya kugeuza kisu si kukipindua tu. Vibati vyote viwili vilikuwa vimechongwa kwa ajili ya mkono mwingine, havikufaa. Akakata msumeno upya: ulimi ukahamia upande wa pili, uwazi wa gumba ukahamia upande wa pili, na pale ambapo vidole vinne hupumzika akaacha kibati kizima na kibao kizima, kisichofikika hata ukifinya mpaka jasho likutoke. Kisu chenyewe kilipona kwa sababu alikinoa sawa pande zote. Angekuwa amefanya mteremko wa upande mmoja kama panga la kuchongea, tungekitupa. Kinundu cha gumba alikifungua, akakipitishia tundu lilelile kikatokea upande wa pili. Ila kisigino kilikuwa kimelazwa kuelekea upande wa zamani, na kukilaza upya ilimaanisha kukipunguza, na ulimi wa kipimo cha zamani usingekifikia. Akaurefusha ulimi mpya kidogo kama unene wa ukucha. Masizi, tupa, masizi, tupa. Safari hii alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto ili aone, na alijikata mara nyingi. Vibao vya mninga alivichonga kwa kufuata ule udongo, ambao aliuanika juani ukakauka na mikunjo ya vidole vya Mzee.

Siku ya mnada tulifika vumbi likiwa limeshapanda. Ng'ombe wanalia, madalali wanapiga kelele, nyama choma inanukia. Kwa pembeni kuna zizi la miti ambapo wanunuzi wa madume ya kulimia huwahasi kabla ya kuondoka nao. Watu walikuwa wamejaa kwenye fito, wengi wakiwa na buti za kijani. Mjomba Charles alikuwa mbele, amevaa koti lake la safari.

"Umekuja na buti?" akamuuliza mume wangu.

"Nimekuja na mke wangu."

Vijana wakaliangusha dume la kwanza, jekundu, lenye hasira. Mzee Telesphori akaingia zizini. Akapiga ishara ya msalaba. Kama kawaida yake akaenda upande wa kule, akainama, mgongo kwetu, koti limefunika. Moyo wangu ukawa unagonga hata Limi mgongoni akanyanyua kichwa.

Kisha Mzee akasimama. Akalivua koti, akampa kijana mmoja. Akazunguka dume kwa mbele, akachuchumaa akitutazama sisi, watu wote waliokuwa kwenye fito. Mkono wa kulia ukashika penye kushikwa. Wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka na kisu, gumba likasukuma, ta. Hata katika kelele zile niliisikia.

"Ni wa mashoto," mtu mmoja akanong'ona nyuma yangu.

"Nyamaza, tazama."

Dume likatupa miguu. Vijana wakayumba nalo, na Mzee akayumba nao, mkono wake wa kushoto umekaza mpaka mishipa ikasimama, na kisu hakikuondoka mahali pake. Kikapita mara moja. Kikapita mara ya pili. Gumba likausukuma ulimi, kisu kikajikunja juu ya paja lake, kikarudi mfukoni, na ule mkono wa kulia haujaachia bado. Dume likafunguliwa. Likasimama, likajitikisa, likatembea.

Nilidhani watu wataguna. Badala yake mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye fimbo, akasema kwa sauti, "Gashi hana dawa. Ana mkono." Na watu wakaanza kushangilia, wakimshangilia mtu waliyemjua maisha yao yote.

Mzee Telesphori akafanya madume yote yaliyokuwepo, uso wake kwetu. Alipomaliza akamwaga maji ya kibuyu kwenye mpini, yakaingia mgongoni na kutoka mekundu, kisha meupe. Akakiinua juu.

"Cha Masalu wa Nyahanga," akasema. "Kinafunga nikitaka mimi."

Wakamvamia mume wangu. Mchuna ngozi mmoja akaja ananong'ona kama anayeungama kwamba na yeye ni wa mashoto, akifuatiwa na mama wa genge la nyama, Dorika, ambaye hakunong'ona kabisa: "Nikatie na mimi cha huku, nimechoka kuonekana mchawi." Na wa kulia nao walitaka. Mmoja alitaka cha mgongo wazi, mwingine alitaka mpini wa pembe, Baba Limi akamwambia pembe litamponyoka, akasema ataona mwenyewe, Baba Limi akasema hapana, hutaona, kwa sababu sitakutengenezea.

Sijawahi kumsikia akikataa kazi. Alikuwa amenyooka kama nguzo.

Mjomba Charles akapenya mpaka akafika. Alikuwa anatafuta la kusema.

"Masalu, hii Jumatatu…"

"Jumatatu nina kazi, mjomba."

"Najua una kazi. Nasema hii Jumatatu nitamchukua mtu mwingine. Nikupitie ulete nini sasa, kisu?"

"Pita salama, mjomba. Na hizo fito zenu za kuzuia kifusi shimoni, zitazame vizuri."

Mjomba Charles akamshika bega, akalitikisa, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Limi, mwache mtoto ashuke mgongoni, joto lote hili," kana kwamba hilo ndilo lililomleta. Akaenda zake kutafuta nyama.

Baba Limi hakumwona akiondoka. Alikuwa ameshageuka, ameshika mkono wa mchungaji mmoja na kuugeuza kiganja juu, anamwonyesha vidole vinne vinakaa wapi, gumba linakaa wapi, na kwa nini ulimi lazima uwe upande huu na si ule. Anaongea kwa sauti ya kibandani, ya kushindana na mashine, na watu wanasogea kusikia. Nikamfungua Limi mgongoni, nikatafuta kivuli pembeni ya lori la ng'ombe, nikakaa kumnyonyesha. Kutoka pale nilikuwa namsikia baba yake vizuri.